Taa ya Kizimba cha Mwisho

Kabla sijaendelea, pokea kiapo changu: yote nitakayokusimulia hapa ni kweli tupu, na ukinikamata na uongo hata wa ukubwa wa sisimizi, nitalipa papo hapo bila kuomba siku. Najua sifa yangu imenitangulia. Katika klabu yetu ya kulenga shabaha hawaniiti kwa jina. Wananiita Chumvi, eti kwa sababu kila habari ikipita kinywani mwangu hutoka imekolea. Wivu tu. Nilikuwa fundi wa lifti maisha yangu yote ya kazi, na mtu aliyezoea kupandisha vitu juu hawezi kuacha tabia hiyo kwa sababu tu amestaafu.

Sasa tazama pale mwisho wa ukumbi wetu, ukutani. Pana msumari, na kwenye msumari huo palining'inia glavu moja ya ngozi ya mkono wa kushoto, ndogo, iliyochakaa kiganjani pale bunduki inapokalia. Ilikuwa ya mke wangu. Chini yake ndipo palipokuwa na kizimba chake. Usidhani kizimba ni kitu kikubwa: ni meza nyembamba ya kuwekea bunduki, mbao mbili za kukutenga na jirani, na puli yenye kamba inayopeleka karatasi ya shabaha hadi ukuta wa mbali na kuirudisha. Juu ya kila karatasi, kule mbali, inawaka taa. Bunduki zenyewe ni za upepo, risasi zake kama punje ya mtama. Hatuui hata nzi, ingawa mimi niliwahi kumnyoa nzi masharubu kutoka mlangoni, akaruka zake akiwa kijana.

Mke wangu ndiye aliyeanzisha ada ya kutaja. Ukishafyatua, kabla hujavuta kamba, unasema kwa sauti risasi yako imekwenda wapi. "Kumi." "Tisa, kulia." "Saba, chini." Mlengaji wa kweli, alikuwa akisema, hujua begani mwake kabla jicho halijaambiwa. "Taja kwanza, tazama baadaye." Wakambatiza Bi Taja. Na hakujipendelea hata siku moja. Akipiga vibaya alitaja vibaya, tena kwa sauti ile ile, iliyoshuka kidogo mwishoni kama mtu anayeweka kikombe mezani asitake kilie. Mimi kila nikifyatua nilitaja kumi. Karatasi ikirudi safi kama ilivyotoka dukani, alinitupia jicho la pembeni.

"Kumi ya nani, mume wangu?"

"Imepita katikati ya tundu la mwenzake."

"Tundu lipi, na karatasi haina tundu?"

Hivyo ndivyo tulivyozeeka pamoja, yeye akitaja, mimi nikitia chumvi.

Siku ile kwa daktari, kabla hatujaitwa kupewa majibu, tulikuwa tumekaa kwenye benchi la korido lililonuka dawa ya sakafu. Akaniegemea, akataja. "Nje ya karatasi," akasema. Nikamwambia, "Kumi hiyo, mama. Katikati kabisa." Akacheka, akanipapasa goti kama mtu anayemtuliza mtoto wa mwenzake. Tulipoitwa ndani, ikaonekana alikuwa ametaja sawasawa. Mvua za mwaka ule zilipokatika, tukamzika.

Wewe nakwambia mapema. Kuna mtu ambaye sikumwambia, na huko ndiko hadithi inakoelekea.

Baada ya matanga sikushika tena bunduki. Lakini kila Jumamosi nilikwenda klabu, nikapangusa meza ya kizimba cha mwisho, nikatundika karatasi mpya, nikaipeleka ukutani kwa puli. Jioni niliirudisha ikiwa safi, nikaikunja, nikaondoka nayo. Taa yake ilipoanza kufifia nikaweka balbu mpya, kali kuliko zote za ukumbini. Asingependa kulenga gizani.

Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, mwanamke aliyezoea kuwaamuru watu watoke tumboni nao wakatoka. Alinivumilia kadiri alivyoweza, kisha akaniketisha.

"Chumvi, kizimba hakiwezi kukaa kama kaburi. Klabu bila wageni ni chumba cha wazee kukohoa. Tunaandaa mashindano ya wageni. Mgeni wa kwanza atakayemaliza karatasi yake kihalali, kizimba cha mwisho ni chake."

"Na nani atawaita hao wageni?"

"Wewe. Kuna mwingine mwenye ulimi kama huo?"

Nikapewa msumeno na tawi nililokalia. Nikikataa, watasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nikikubali, nitakuwa nimemshika mkono mtu na kumwingiza mahali pa mke wangu. Nikakubali, halafu nikafanya nijuavyo. Mlangoni nilikuwa asali. "Karibuni! Mwenye miwani, mwenye kitambi, mwenye mikono ya kutetemeka, karibuni! Hapa hatukimbii, hatuchezewi rafu, tunafundisha kusimama tu!" Wakiingia ndani, naitoa shubiri. "Polepole na bunduki hiyo. Aliyeishika mwaka juzi bega lilimhamia upande wa pili, mpaka leo anavaa shati kinyume." Mmoja aliomba kwenda kunywa maji. Nadhani bado anakunywa.

Kisha akaja Breki.

Jina nilimpa mimi. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke wa makamo, mabega yamempanda hadi masikioni, na mguu wake wa kulia haukutulia: kila baada ya muda ulikanyaga sakafu, ghafla, kama kuna ukuta unakuja.

"Unatafuta nini huku, binti?"

"Kitu kisichotembea, mzee."

"Kama kipi?"

"Chochote. Kutwa nzima nimekaa pembeni ya mtu anayenipeleka mtaroni huku akiniuliza klachi ni ipi. Nataka saa moja tu nitazame kitu, nacho kitulie."

Nikamwambia habari za bega. Nikamwambia za mtu aliyefyatua meno yake ya bandia yakamtangulia kwenye shabaha, tena yakapata tisa. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani, kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayeeleza kwa nini amegonga nguzo.

"Mzee," akasema, "uongo huo una magurudumu manne na spea."

"Naapa ni kweli."

"Sawa. Siku nitakayokukamata na uongo bayana, utalipa. Nasikia hapa watu hutaja risasi zao. Wewe utafyatua moja mbele ya watu wote, na utaitaja kweli."

Mkunga, aliyekuwa akipanga bunduki nyuma yetu, akacheka hadi akaketi. "Hiyo labda kiama!"

"Na hii glavu ni ya nani?" Breki akauliza.

Bado najiuliza ningekuwa nimepungukiwa nini lau ningesema. Kinywa kilikwenda chenyewe. "Ya mke wangu. Amesafiri, yuko kwa dada yake. Atarudi."

Mkunga akaacha kucheka. Akaishika filimbi yake shingoni, lakini hakuipuliza. Wengine wakainama kufunga kamba za viatu. Kimya cha huruma ni kibaya kuliko makaripio; makaripio yangenisimamisha.

"Basi ukiongea naye, nisaidie kumuuliza," Breki akasema. "Hii pumzi niifanyeje? Nikiishika natetemeka, nikiiachia nayumba."

Nilifika nyumbani na swali hilo kama mtu aliyetumwa mboga. Nikaweka vikombe viwili mezani, cha pili kwa mazoea. Nikaketi. Nikauliza kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kunicheka. Na jibu lilikuwepo, lilikuwa limekaa miaka yote ndani ya kichwa changu likisubiri mtu aulize: Mwambie asiishike. Aitoe nusu, aiache pale ilipochoka yenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikalifikisha. Breki akajaribu, akafyatua, akafumba macho. "Saba, kushoto," akataja. Karatasi ikarudi: saba, kushoto. Akaruka kama mtoto. "Mwambie mama asante! Halafu muulize, huu mguu je?"

Nikamuuliza. Mama anasema usipigane nao. Vua kiatu, uache usikie sakafu, utajua wenyewe kwamba hakuna gari.

Na jicho likichoka? Mama anasema tazama kitu cha kijani, kisha urudi, usiibane shabaha kana kwamba itakimbia.

Hivi ndivyo nilivyonaswa. Mimi niliyemtaka aondoke, nikawa namsubiri mlangoni. Asipokuja na swali, nilimchokonoa mpaka lipatikane. Kwa maana miezi yote ile nilikuwa nimekaa katika nyumba yenye mambo elfu ya kusema na sababu isiyokuwepo ya kuyasema. Sasa mgeni alikuwa ananipa sababu, moja moja, kila Jumamosi. Kila swali lilikuwa nusu saa ya ndoa. Siku moja akaniletea soksi nene za sufu zilizofungwa kwa karatasi. "Za mama. Kama naye anavua viatu, sakafu hii ina baridi." Nikazipokea. Nikasema atazifurahia sana. Nikazibeba kifuani njia nzima, nikisalimiana na watu kana kwamba sikubeba kitu.

Na kadiri alivyozidi kulenga vizuri ndivyo kizimba cha mwisho kilivyozidi kunitoka. Nililijua hilo. Nililijua kila nilipomfikishia jibu.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Wageni walikuwa wachache, lakini kila mmoja alikuja na ukoo wake, na watoto walikalia makreti. Breki alipangiwa kizimba kinachopakana na cha mke wangu. Mimi nilikuwa nimekwisha kutundika karatasi yangu kama kawaida na kupangusa ile balbu. Alivua kiatu. Akanisogelea.

"Mama hajafika?"

"Yuko njiani."

"Nilitaka anione." Kisha akatabasamu. "Basi wewe utamsimulia, ila usitie chumvi."

Filimbi ikalia. Nikakaa kwenye benchi, nikainamisha kichwa, kwa sababu sikutaka kuona. Nilitaka kusikia tu. Bunduki za upepo hazipigi kelele, zinapiga kama mtu anayefunga kitabu. Na baada ya kila kitabu, sauti yake. "Tisa, juu kidogo." "Kumi." "Nane, kushoto, mguu ulicheza." "Kumi." Hakuwahi kumsikia mke wangu akisema neno hata moja. Lakini kila alipotaja, sauti ilishuka mwishoni, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Sikuinua kichwa. Nilijua nikiinua nitaona ni mtu mwingine.

Filimbi tena. Bunduki zikawekwa wazi mezani, mikono ikaondolewa, kamba zikavutwa. Puli zikalia zote kwa pamoja kama kuku waliotishwa. Karatasi za wageni zikarudi zimechakaa, huyu kapiga pembeni, huyu kapiga namba za chini. Karatasi ya Breki ikarudi safi. Nyeupe. Haikuguswa hata ukingoni.

Watu wakanong'ona. Breki akaigeuza, akatazama nyuma yake, kama matundu yanaweza kujificha upande wa pili.

Mkunga alikuwa ameona mengi maishani. Alikwenda kwenye kizimba cha mwisho, akavuta kamba. Puli ile, ambayo nilikuwa siivuti ila jioni, ikalia kwa sauti yake nyembamba, na karatasi ikaja ikipepea katika mwanga wa ile balbu. Ilikuwa imetobolewa vizuri, matundu yamekumbatiana katikati, machache tu yametangatanga.

Ni kosa la wageni, na hata wazoefu huwapata. Jicho likishaingia kwenye tundu la kulengea halijui jirani. Linaona karatasi nyeupe na duara jeusi, basi, hiyo ndiyo dunia yake nzima. Unaweza kupiga vizuri kuliko siku zote za maisha yako, katika karatasi isiyo yako. Na jicho lake lilikuwa limekwenda kwenye iliyowaka zaidi. Nani angemlaumu? Balbu niliiweka mimi.

"Pole, mwanangu," Mkunga akasema. "Sheria ni sheria. Aliyetoboa ya jirani, yake ni sifuri."

Mimi hapo nilikuwa nimekwisha kushinda. Hakumaliza kihalali. Kizimba kingebaki, glavu ingebaki, Jumamosi zingebaki. Nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu ambacho sijawahi kukifanya maishani: kunyamaza.

Lakini Mkunga alikuwa ameniwekea ile karatasi mkononi. Ilikuwa ya kwanza kurudi kutoka kizimba kile ikiwa na tundu tangu Bi Taja alipotutoka. Niliinyanyua, na mwanga ukapita katika kila tundu ukaniangukia usoni, na moyo wangu, mzee mjinga yule, ukaamini.

"Hii ni ya mke wangu," nikasema. "Amefika. Mnaona? Amepiga. Niliwaambia yuko njiani."

Mtoto mmoja juu ya kreti akageuka kutazama mlangoni. Watu wazima hawakutazama popote.

"Mama yuko hapa?" Breki akauliza. Alikuwa bado ana kiatu kimoja.

"Amefika."

Akanijia polepole. Hakuinyakua karatasi, aliishika upande wake nami nikabaki nimeshika wangu, akaweka kidole juu ya tundu. "Hii nilitaja tisa, juu kidogo." Akahamisha kidole. "Hii kumi. Hii nane, kushoto, ndiyo ile mguu ulicheza. Hii kumi." Tundu moja hadi jingine, na kila moja lilikuwa pale lilipotajwa, ukumbi mzima ulikuwa umesikia. Kidole kikaishiwa pa kwenda. "Hii ni mimi, mzee. Hapa hakuna mwingine." Akanitazama. Macho yake yalikuwa yanajibu swali kabla mdomo haujaliuliza. "Mama yuko wapi?"

Nilitafuta dada yake. Nilitafuta safari, gari lililoharibika, mvua. Ghala lote la uongo wangu nililifungua, nikalikuta tupu.

"Tulimzika," nikasema. "Mvua zilipokatika."

Akaketi kwenye ukingo wa meza ya kizimba. Kisha, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa kuibiwa mara ya pili: "Na majibu? Ya pumzi? Ya mguu?"

"Yake. Yote yake. Hayo sikuyatia chumvi."

"Na soksi?"

"Ziko mezani. Upande wake."

Akafunika uso kwa mikono. Mkunga akamwekea kiganja mgongoni, na kwa jinsi alivyokiweka nikaelewa kwa nini watoto walikuwa wakikubali kutoka. "Niandikie sifuri," Breki akasema ndani ya vidole vyake. Halafu akavishusha, akajipangusa kwa mkono wa shati, akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mzee. Tuliahidiana."

"Najua."

"Lipa."

Mkunga akatundika karatasi mpya kwenye kizimba cha mwisho, akaipeleka. Nikaitoa glavu msumarini. Ilikataa kupita vifundo vya vidole. Nikaiacha hivyo, nusu mkono wangu, nusu wake. Nikashika bunduki. Nilikuwa nimesahau uzito wake, au ulikuwa umeongezeka. Kule mbali taa iliwaka kama ilivyowaka siku zote, na duara jeusi likawa mawili, likawa matatu, likaelea majini. Nikaitoa pumzi nusu. Nikaiacha pale ilipochoka yenyewe.

Kitabu kikafungwa.

"Taja," Breki akasema.

Kumi ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, imevaa na kuchana nywele. Nikaisikia ikinisukuma meno. Lakini begani, mahali pale mke wangu alipokuwa akinigonga kwa kidole miaka yote nami nikijifanya sielewi, nilijua.

"Nje ya karatasi," nikasema. Sauti yangu ikashuka mwishoni.

Breki akanyoosha mkono kwenye kamba.

"Ngoja." Nikaivua glavu, nikampa. "Sasa vuta."

Hakuivaa. Aliishika tu kiganjani, kwa uangalifu, kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga, akavuta kamba kwa mkono mwingine. Puli ikaanza kulia. Karatasi ikawa inakuja, polepole, ile taa kali nyuma yake, na watu wote wakaitolea macho. Mimi nilitazama sakafu. Nilitazama mguu wake wa kulia, usio na kiatu, umekaa juu ya ubao, umetulia.